Bwana Wells na Askari Wake wa Risasi

Mkazi wa Mombasa apitaye Mwembe Tayari huwaona wale askari wa shaba wamesimama kando ya Barabara ya Jomo Kenyatta, jua lao mvua yao. Waliwekwa pale kuwa kumbukumbu ya wenyeji waliopigana na kubeba mizigo katika Vita Vikuu vya 1914 hadi 1918. Mimi nimewapita tangu utoto wangu, nikienda chuoni na nikirudi, wala sikuwahi kujiuliza walikuwa nani. Ilinibidi nihamie bara, mbali na bahari, nikutane na askari wengine wasiozidi urefu wa kidole, ndipo nikaanza kuwafikiria wale wakubwa.

Leo nataka kuwasimulia wasomaji maisha ya mtu aliyewatungia askari hao wadogo sheria zao za vita. Jina lake ni Herbert George Wells, Mwingereza, bingwa wa hadithi, aliyefariki mwaka 1946. Wengi wanamjua kwa riwaya zake za watu wasioonekana na za viumbe watokao katika nyota ya Mirihi. Wachache wanajua kwamba mtu huyu mzima, mwenye ndevu za mdomo na jina kubwa, alikuwa akitambaa sakafuni kwa magoti akicheza vita.

Nilimjua kwa bahati. Mwaka 2004 nilikuwa nikisomesha Kitale. Jumamosi moja, katika vitabu vikuukuu vilivyotandazwa chini karibu na soko, nikaokota kitabu chembamba ambacho jalada lake lilikwisha kuliwa na mchwa. Kiliitwa Little Wars, yaani Vita Vidogo, nacho kilitolewa mara ya kwanza mwaka 1913. Sikushangaa sana kukikuta huko. Baada ya vita vile vya kwanza, serikali ya kikoloni iliwagawia maofisa wa Kiingereza waliotoka jeshini mashamba mengi ya Trans Nzoia. Mmoja wao, Luteni Kanali Hugh Stoneham, alikuwa mkusanyaji hodari wa wadudu, vipepeo na vitabu. Alianzisha jumba lake la makumbusho mwaka 1926, na alipofariki mwaka 1966 akawa ameliachia taifa hazina yake. Ndiyo asili ya Makumbusho ya Kitale, yaliyofunguliwa mjini mwaka 1974. Kitabu changu sikijui kilitoka kwa nani, lakini katika mji wa wanajeshi wastaafu, kitabu cha vita vya sakafuni si mgeni.

Basi na tuanze mwanzo. Wells alizaliwa tarehe 21 Septemba 1866 katika mji wa Bromley, kusini ya London. Baba yake, Joseph, alikuwa na kiduka cha vyombo vya udongo kisichokuwa na faida, na riziki yake nyingine aliipata kwa kucheza kriketi kwa malipo. Mama yake, Sarah, alikuwa amewahi kuwa mtumishi katika nyumba za wakubwa. Kwa hivyo mtoto huyu hakuzaliwa na kijiko cha fedha mkononi.

Alipokuwa na umri wa miaka 7, mwaka 1874, alivunjika mguu. Wazee wetu husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini kwa mtoto huyu guu lililovunjika ndilo lililomfungulia dunia. Alilazwa kitandani wiki nyingi, akaletewa vitabu, akavisoma kama mwenye kiu aliyefika kisimani. Tangu siku hizo hakuacha kusoma.

Miaka mitatu baadaye baba yake naye akavunjika mguu, na kriketi ikaisha. Nyumba ikayumba. Mama akarudi utumishini, na mwaka 1880 akawa msimamizi wa nyumba kubwa iitwayo Uppark. Mtoto akapelekwa kujifunza kazi ya duka la vitambaa. Wasomaji wa Mombasa na Lamu wanaoyajua maduka ya nguo watanielewa: kukunja na kukunjua majora kutwa, kusimama mpaka nyayo ziwake moto, na usiku kulala juu ya duka pamoja na vijana wenzako. Alikaa hivyo Southsea kwa miaka miwili, 1881 hadi 1883, akiichukia kila siku yake. Hatimaye alishika njia kwa miguu mpaka kwa mama yake, akamwambia waziwazi kwamba hawezi tena.

Akafunguliwa mlango mwingine. Akawa mwalimu msaidizi katika skuli ya Midhurst, akafaulu mitihani, na mwaka 1884 akapata msaada wa serikali kusoma sayansi London. Mwalimu wake wa elimu ya viumbe alikuwa Thomas Huxley, mtaalamu mkubwa wa zama zile. Mwaka 1887 aliondoka bila shahada, akaenda kusomesha, akaumizwa vibaya katika mchezo wa mpira, na muda si muda akaanza kutema damu. Shahada aliipata baadaye, mwaka 1890, lakini afya yake haikumruhusu kusimama darasani siku zote. Akaona heri akae kitako aandike.

Kalamu ikajibu. Mwaka 1895 alitoa hadithi ya mashine ya kusafiria katika wakati, na mwaka 1897 hadithi ya mtu asiyeonekana. Mwaka 1898 ikafuata ile ya vita baina ya watu wa dunia na watu wa Mirihi. Kabla ya miaka 35 mtoto wa muuza vyombo alikuwa tajiri, na nyumba yake imejengwa Sandgate, ufukweni. Mkewe wa pili, Amy Catherine, ambaye yeye alimwita Jane, alimzalia watoto wawili wa kiume, George Philip mwaka 1901 na Frank mwaka 1903.

Hapo ndipo askari wadogo wanapoingia. Mwaka 1893 kiwanda cha William Britain cha London kilikuwa kimegundua njia ya kuunda askari wa risasi wenye uwazi ndani. Risasi iliyoyeyuka humiminwa katika kalibu, na mara tu ganda la nje linaposhika, ile ya ndani humwagwa. Askari akawa mwepesi na wa bei nafuu, mwenye urefu wa inchi mbili na kidogo. Kiwanda kiliunda pia mzinga mdogo wenye springi, uwezao kurusha kijiti na kumwangusha askari kwa shabaha. Mgeni mmoja, anayeaminika kuwa mwandishi Jerome K. Jerome, alipokwisha kula kwa Wells siku moja aliuchukua mzinga huo akaanza kulenga. Mwenyeji wake naye akataka zamu. Kutoka katika mzaha huo wa watu wazima wawili likazaliwa jambo.

Haidhuru tukumbuke kwamba fikra yenyewe ni ya kale. Sataranji tunayoichezea barazani ilitoka Bara Hindi, ikapita Uajemi na nchi za Waarabu, nayo ni majeshi mawili juu ya ubao. Mwaka 1824 ofisa wa Prussia aitwaye von Reisswitz alilitolea jeshi lake mchezo wa ramani na vipande vya kufundishia maofisa. Lakini huo ulikuwa ni mchezo wa kambini. Wells aliuleta sebuleni, akampa kila mtu ruhusa ya kuucheza. Mwaka 1911 alitoa kitabu juu ya michezo ya sakafuni aliyocheza na wanawe, na mwaka 1913 ndicho kikafuata kile Vita Vidogo.

Sheria zake ni nyepesi. Kwanza nchi hujengwa: vilima vya mbao, nyumba za kadibodi zilizochorwa madirisha, misitu ya vijitawi vya bustanini, mto wa chaki. Kisha pazia huvutwa katikati, kila jemadari apange watu wake bila ya kuonwa. Pazia likiondolewa, vita vimeanza. Askari wa miguu huenda futi moja kwa zamu, wa farasi futi mbili. Mzinga hupiga mara nne, tena lazima watu wanne wawe karibu nao, la sivyo ni chuma bure. Saa huwekwa mezani, na anayechelewa hupoteza nafasi. Wakikutana ana kwa ana, huanguka mmoja kwa mmoja. Kwa hivyo ushindi hununuliwa kwa kuwapoteza wako mwenyewe.

Nilikisoma kitabu hicho usiku mmoja. Mwaka 2007 nilihamishiwa Bungoma, nacho kikaenda nami katika sanduku. Huko nikakuta watoto wa jirani wakifinyanga ng'ombe kwa udongo wa kando ya mto, wazuri hata pembe zao unazitambua. Nikawaomba wanifinyangie watu. Tuliwakausha kivulini siku tatu, tukawachoma taratibu katika majivu ya moto. Waliobaki bila ufa tuliwapaka rangi nyeupe kwanza, kisha nguo, kisha mikono na nyuso. Mwisho tukawapitishia maji ya wino yaliyozimuliwa sana, yakatuama katika mikunjo na kuwatia kivuli, ndipo wakawa kama wanaopumua. Rangi zilikuwa mabaki ya bati la mafuta, na nyekundu ilitoka katika kichupa cha rangi ya kucha cha mke wangu, ambaye hajanisamehe mpaka leo.

Milima tuliijenga kwa magunzi ya mahindi, tukayafunika kwa magazeti yaliyolowekwa katika uji wa unga. Yalipokauka tukapaka gundi na kunyunyizia vumbi la mbao lililotiwa rangi ya majani. Mzinga wetu ulikuwa ni bomba la kalamu iliyokwisha wino pamoja na springi yake, na risasi zake ni njiti za kibiriti zilizokatwa vichwa.

Mjomba wangu alikuja kututembelea kutoka Mombasa, akaviona vile vijitu vimejipanga mezani, akabadilika uso. Aliniuliza kama nimesahau nilichosomeshwa chuoni juu ya masanamu. Nikamjibu kwa adabu kwamba hivi ni vya kuchezea watoto, wala haviwekwi juu kwa mapambo, na kwamba Bibi Aisha, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, alikuwa na wanasesere wake na farasi mwenye mabawa, na Mtume hakumkataza. Mjomba alikubali kwamba wanazuoni wameruhusu vya watoto. Lakini, akasema, mwalimu mwenye mvi si mtoto, na vita si mchezo. Neno la kwanza nililicheka. La pili lilinikaa rohoni, kwa sababu ndilo hasa alilotaka kulisema Wells.

Katika sura za mwisho za kitabu chake anamwambia msomaji kwamba mtu akicheza vita hivi mara tatu au nne ataona vita vya kweli ni upumbavu wa namna gani. Ikiwa wewe na rafiki yako, kwenye sakafu iliyotulia, mnasahau kikosi nyuma ya nyumba na kuharibu kila mpango, basi jemadari wa kweli afanyeje katika moshi na hofu? Alitamani wafalme na majemadari wapendao utukufu wafungiwe katika chumba kikubwa na askari wa risasi, wapigane humo watakavyo, na sisi wengine tuachwe tulime na tulee watoto wetu.

Maneno mazuri hayo yalitoka mwaka 1913. Mwaka uliofuata, mwezi wa Agosti, Ulaya ikaungua. Na mwenye maneno alifanya nini? Hapa sitamficha, maana maisha ya mtu yakisimuliwa nusu huwa ni sifa tu. Wells alishika kalamu akaandika makala ya kuitetea vita ile, akiwaambia watu kwamba ndiyo itakayomaliza vita vyote. Mwaka 1918 alifanya kazi kwa muda katika ofisi ya serikali ya propaganda dhidi ya adui. Mtu aliyejua sakafuni kwamba mipango ya vita huharibika hakulikumbuka hilo zilipolia ngoma.

Vita hivyo havikumaliza vita, na sisi huku tulivilipia. Mwezi Novemba 1914 kiasi cha watu 8,000 walioletwa na Waingereza kutoka Bara Hindi walishuka Tanga, wakashindwa na jeshi la Wajerumani na askari wao wasiozidi elfu moja na kitu. Baada ya hapo ikawa ni miaka minne ya kufukuzana porini. Vijana wa Pwani na wa bara, wa Bungoma wakiwamo, walichukuliwa kuwa wapagazi. Walikufa makumi kwa maelfu, wengi kwa maradhi na uchovu kuliko kwa risasi. Jina la kikosi chao ndilo hili tunalolitamka kila siku tukienda sokoni Kariakoo, Dar es Salaam. Vita havina macho, na hiyo iliwaona hata wasiojua inahusu nini.

Wells alijifunza, lakini kwa kuchelewa. Mwaka 1920 alitoa kitabu kikubwa cha historia ya dunia nzima, akitumaini kwamba watu wakijua wana asili moja hawatauana. Mwaka 1934 alikwenda kuzungumza na Roosevelt kule Marekani na Stalin kule Urusi. Mwaka huo huo alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha kuwasaidia wagonjwa wa kisukari Uingereza, maana naye alikuwa nacho. Mwaka 1940, mabomu yakianguka London, aliandika juu ya haki ambazo kila binadamu astahili kuwa nazo. Kubwa kuliko yote, mwaka 1914 alikuwa ametunga hadithi ya bomu la atomiki. Aliishi hata akasikia, Agosti 1945, kwamba limeteketeza Hiroshima na Nagasaki. Alifariki London tarehe 13 Agosti 1946, akiwa na miaka 79, bila ya matumaini mengi juu ya binadamu.

Mchezo wake haukufa. Mwaka 1962 Mwingereza mwingine, Donald Featherstone, alitoa kitabu kilichoufufua, na tangu hapo maelfu ya watu duniani hupaka rangi askari wadogo na kujenga vilima vya mezani.

Sasa nirudi Bungoma nimalizie. Karibu na Webuye kuna mlima wa Chetambe. Hapo mwaka 1895 Wabukusu walijifungia katika ngome ya udongo yenye handaki, wakapigana na jeshi lililoongozwa na Waingereza, lenye askari wa Kisudani na wasaidizi kutoka makabila mengine, na bunduki bora kuliko zao. Ngome ilivunjwa, watu wengi wakauawa. Mwaka 2008 niliamua tuujenge mlima huo mezani, watoto waione historia yao. Mwaka huo Bungoma ilikuwa na familia nyingi zilizokimbia mapigano ya ardhi ya Mlima Elgon, yaliyoanza mwaka 2006 na yaliyoletewa jeshi la serikali mwezi Machi 2008. Mmoja katika watoto wangu wa meza alikuwa ametoka huko. Alikuwa mkimya, lakini vidole vyake vilikuwa na ufundi kuliko vyote.

Siku ya mchezo pazia, ambalo ni kanga ya mke wangu, lilipoondolewa, tuliona kwamba ngome haikuwa na mashujaa peke yao. Yule mtoto alikuwa amefinyanga wanawake wenye mizigo vichwani, kikongwe mwenye mkongojo, na mtoto mgongoni kwa mama yake. Amewapanga ndani ya kuta, kila mmoja na rangi yake. Nilimwambia kwamba katika sheria za kitabu watu hao hawamo. Akanijibu, Mwalimu, katika ngome wamo.

Nikakitazama kitabu, nikaona ni kweli. Wells alihesabu askari wa miguu, wa farasi na wa mizinga, asimweke mpagazi wala mama wala mzee. Labda ndiyo sababu mwaka 1914 ulimpita chenga. Yule aliyepewa mzinga siku hiyo aliushika, akalenga, akaushusha. Mwenzake naye akakataa. Hakuna njiti iliyorushwa, na mchezo ukaisha kabla ya kuanza.

Sanduku lile ninalo mpaka leo, na watoto wakija huwatoa askari pamoja na wale wanawake, maana nimeiongeza sheria hiyo. Na kila nikirudi Mombasa hupita Mwembe Tayari kwa miguu, nikasimama kidogo mbele ya wale wa shaba. Najua sasa kwamba wao hawakuwekewa pazia, wala hawakuulizwa kama wanataka kucheza.